Eka Moja Ambayo Mwalimu Cyprian Hakuilima

Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, saa tatu na dakika kumi asubuhi, baba yetu Mwalimu Cyprian Tadeo alikata roho mikononi mwa mama, na agizo alilonipa mimi, Festo, mtoto wake wa kwanza, nilikuwa bado sijalitimiza.

Alizaliwa tarehe 12 Juni 1946 huko Daudi, Mbulu, akabatizwa na kusoma hukohuko, na mwaka 1967 akahitimu ualimu. Mwaka 1974 alihamishiwa Chuo cha Siasa Endahargo, hapa Gendabi, kilichofunguliwa mwaka huo kufundisha siasa, historia ya jamii na uchumi wa ujamaa kwa makatibu wa vijiji, ambao asubuhi walilima na mchana waliingia darasani. Tarehe 9 Oktoba 1976 alifunga ndoa na mama yetu, Kornelia, wakajaliwa watoto watano, wanne tuko hapa.

Mwaka 1978 chuo kiliongeza shamba, baba akapima mipaka, na bibi mmoja wa jirani zetu wafugaji akaja kumwambia kwamba humo amezikwa mume wake, lakini baba, akiwa mbele ya wanafunzi wake, alimjibu kuwa ardhi ni ya wote, na trekta likapita.

Chuo kilifungwa mwaka 1992 vyama vingi vilipoingia, viti vikapelekwa shule ya msingi, na kijiji kikawagawia walimu waliobaki eka nne nne katika shamba lile. Baba alilima tatu. Ya nne, iliyokuwa na kaburi lile, kwa kuwa hakukumbuka bibi yule alionyesha wapi hasa, aliiacha yote, hata mwaka wa njaa, nami nilimlaumu mbele ya wadogo zangu.

Kansa ya tezi dume ilimwanza Agosti 2023. Januari hii aliniagiza nimwitie Mzee Gidahoda, mtoto wa bibi yule, amwombe msamaha, nikasema mvua ikipungua, kisha nikasema baada ya palizi.

Jana nilienda peke yangu. Mzee Gidahoda alinisikiliza amesimama, akasema, "Alitujibu mbele ya watu. Na wewe sema mbele ya watu."

Shikamoo mzee wangu Gidahoda, uliyeketi hapa. Nimesema. Tusameheni, na eka ile ni yenu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliochimba kaburi, na walimu wenzake.

Ee Mungu, mpokee mtumishi wako Cyprian, na umpokee pia Gidamayda, aliyelala katika eka ile, ambaye jina lake nimelisikia jana kwa mara ya kwanza.

Pumzika kwa amani, baba. Amina.