Sikumwacha Kwenye Matope

Bwana asifiwe, watu wa Mungu. Hiyo amina imetoka kwa viti vya nyuma peke yake. Haidhuru. Mimi sikukuja kushangiliwa, nimekuja kusema.

Mchungaji amenipa hii maikrofoni akaniambia, "Mama, sema kwa upendo." Nitajaribu. Kuna mahali upendo utanishinda, mnisamehe mapema.

Mzee wangu mnamjua. Alikuwa fundi wa mashine kwa kiwanda huko Thika mpaka akastaafu, na mtu wa mashine hawezi kukaa bure. Akaanza kuangalia kwa simu wazungu wazee, bwana na bibi, wanaishi kwa boti wakizunguka mahali na mahali, wanapika humo, wanalala humo. Kila jioni ananiita, "Mama, njoo uone hawa." Mimi nikaona tu wazee wameanika soksi kwa boti. Yeye akaona maisha.

Akanunua boti kuukuu ya fiberi, iko na kachumba na injini ya nyuma. Akaiweka kwa ploti yetu ya Witeithie akaifunika na turubai. Majirani wakaiita Safina. Watu wanapita wakiuliza, "Mzee, mvua inaanza lini?" Alicheka nao, lakini kila alipochekwa aliongeza bidii. Nawaambia ukweli, hata mimi nilianza kuitaka hiyo safari. Nimelea watoto, nimelima, nimeuza mboga Ruiru miaka na miaka, na sikuwa nimewahi kwenda mahali na bwana yangu isipokuwa matanga na harusi za watu. Nikashona mapazia ya kachumba.

Mnakumbuka siku lori lilikuja kubeba boti. Nyinyi wenyewe mlikuja, mkaimba, mkaiwekea mikono. Mpango ulikuwa tuanzie Lamu, tushuke polepole mpaka Vanga, tukipita kwa zile njia za maji katikati ya visiwa na mikoko, usiku tunalala kwa vijito vilivyotulia.

Na siku za kwanza, wacha niseme, zilikuwa tamu. Mzee alikuwa anaendesha akiimba tenzi, mimi napika githeri kwa jiko la gesi. Tukapita vijiji watu wakitupungia mkono. Aliniambia, "Ningejua ningekuleta tukiwa vijana." Hayo maneno hakuwa ameniambia hata siku ya ndoa.

Sasa sikilizeni kosa letu, maana ni kosa la watu wa bara. Jioni moja upepo ulikuwa mkali, tukaona kijito kimejaa maji mpaka kwa matawi ya mikoko. Mzee akasema tuingize boti ndani kabisa, mwisho kabisa, vile mtu anaingiza gari kwa gereji. Tukaingia mpaka boti ikagusa majani. Tukafunga kamba, tukaomba, tukalala vizuri.

Asubuhi hakukuwa na maji. Ngai! Matope tu, meusi, kila upande, na boti imelala ubavu. Mzee akasema, "Yatarudi, ni bahari." Na yakarudi kweli, lakini yakaishia mbali. Jioni yakarudi, yakaishia mbali zaidi. Sisi maji tunayojua ni ya mto Chania, yakipanda ni mvua imenyesha milima ya Aberdare. Nani angetuambia bahari ina siku zake za kujaa kupita kiasi, wanaita bamvua, na ikishapita hayo maji hayafiki tena hapo mpaka bamvua ingine? Tulikuwa tumeegesha Safina mahali maji hufika mara chache tu kwa mwezi.

Mzee akashuka kusukuma. Boti ya ukubwa ule, mtu mmoja, ndani ya matope mpaka kiunoni! Nikamwambia wacha. Hakuwacha. Kwa mizizi ya mikoko kuna chaza wameshikilia, wana makali kama wembe, wakampasua mguu. Na nyinyi mnajua mzee ana sukari. Mtu wa sukari na kidonda cha matope, hiyo si hadithi ya kuchekesha.

Nikamwambia tupige simu tuombe watu waje. Netiweki ilikuwa inakuja na kupotea, lakini ilikuwako. Akakataa. Akasema, "Unataka Ruiru yote iseme Safina imekwama?" Mnajua alifanya nini? Alichukua simu akatuma picha ya juzi kwa grupu ya kanisa. Akaandika, tunaendelea vyema, Mungu ni mwaminifu. Na nyinyi mkajibu. Amina, amina, hongera, mtuletee samaki. Nikisoma hizo amina, mguu wake umefura kando yangu kama mto wa kulalia. Nikachukua simu niandike ukweli, akaninyang'anya. Halafu chaji ikaisha, na betri ya boti nayo ilikuwa imeingia maji.

Siku zikaenda hivyo. Maji ya kunywa yakapungua. Mguu ukaanza kunuka. Siku moja nikasikia sauti za wanawake mbali kwa mikoko, wanacheka. Nikafungua mdomo niite. Mzee akanishika mkono, akasema, "Nyamaza, watatuibia injini." Injini! Nikanyamaza, na hiyo kunyamaza bado inaniuma.

Kesho yake alikuwa anaongea maneno hayana maana, anaita mama yake aliyekufa. Mwili moto. Nikamwekea maji karibu, nikamfunika, nikamwambia sikioni, "Naenda kutafuta watu, nitarudi." Alinijibu, "Eeh." Nilimsikia kwa masikio yangu akijibu.

Nikashuka. Hatua ya kwanza nikazama mpaka mapajani, ya pili sikuweza kuitoa. Nikarudi nikang'oa ubao wa kitanda, nikaulaza kwa matope, nikalala juu yake na tumbo. Nikawa naukokota mbele, nalala, naukokota, nalala. Mama mzima, bibi wa wajukuu, natambaa kama mtoto, matope kwa mdomo, kwa macho. Nililia nikimtukana mzee. Ndiyo, nilimtukana, tena kwa Kikuyu safi. Halafu namwombea, halafu namtukana tena.

Nikawapata wanawake wawili wakitafuta kaa. Mmoja aliponiona alipiga kelele, akadhani mimi ni jini. Nikasema, "Dada zangu, bwana yangu anakufa." Hawakuniuliza dini, hawakuniuliza kabila. Mmoja alivua leso yake akanipangusa uso, mwingine alikuwa tayari anakimbia kuita wanaume. Wakaja na mtumbwi mwembamba, wakaukokota juu ya matope, wakamtoa mpaka hospitali. Daktari alisema angelala pale siku moja zaidi ningerudi na maiti. Mguu ukakatwa chini ya goti, lakini mzee akaishi. Boti sijui iko wapi, na sitaki kujua.

Haya. Sasa tunafika kwenu.

Tulirudi nyumbani, mkaja kumwona. Mkakaa kwa viti vyangu, mkanywa chai yangu. Na mzee akawaambia vile anavyokumbuka: "Niliamka nikaita, nikaita, hakuna mtu. Mama alikuwa ameenda." Akanyamazia hapo. Na si uongo, aliamka akiwa peke yake. Lakini nani kati yenu aligeuka akaniuliza, "Mama, ulikuwa umeenda wapi?" Hakuna. Mlibeba hayo maneno yakiwa moto. Kufika Jumapili nilikuwa yule mwanamke alimwacha bwana kwa matope akakimbia. Kikundi cha akina mama kikanitoa kwa mapishi. Hapa mtaani Gatongora nikipita dukani watu wanaongea chini chini. Shemeji zangu walikaa kikao kuhusu mimi kwa sebule yangu, na mimi niko jikoni nawapikia! Nilikonda. Kuna asubuhi nilikuwa nakaa kitandani naangalia ukuta, sioni sababu ya kuvaa viatu.

Na kila siku, ndugu zangu, kila siku nilikuwa naosha kidonda cha pale walipomkata mguu.

Siku moja alikuja mgeni, mzee wangu akaanza tena, "Niliamka nikaita..." Mimi nimepiga magoti, karai mkononi, namfungua bandeji. Kitu kikakatika ndani yangu. Nikasimama nikamwaga yale maji nje. Nikamwambia mbele ya mgeni, "Kama nilikuacha kule, basi leo nimekuacha kabisa. Jioshe."

Akajiosha. Siku ya kwanza, ya pili, kwa hasira. Hatukuwa tunaongea. Halafu jioni moja akaniuliza bila kuniangalia, "Ulivuka aje?"

"Nilivuka wapi?"

"Kwa matope. Siku ile. Mimi nilishindwa, na nina nguvu kukushinda. Ulivuka aje?"

Nilisukuma meza, nikalala na tumbo kwa kapeti, nikamwonyesha. Nikatambaa kutoka kwa mlango mpaka kwa kiti chake. Nilipofika nikainua uso nikamwona analia. Akasema, "Mimi sikujua."

Nikamwambia, "Hukuuliza. Ulijua kusimulia tu."

Alilia sana. Sikumpangusa, nilimwacha alie. Lakini usiku huo nililala usingizi, na asubuhi nilivaa viatu vyangu nikarudi sokoni.

Nawashukuru wale dada wa kaa, ambao hawatawahi kusikia hii shukrani ikisemwa kanisani. Namshukuru dada mdogo wa mzee, yeye peke yake wakati ule aliingia jikoni akaniuliza, "Na wewe umekula?" Nashukuru madaktari. Nashukuru mchungaji kwa kunipa nafasi hii, ingawa alichelewa.

Na funzo ni hili. Mama, bwana yako akiwa mgonjwa na anakwambia unyamaze, piga kelele. Na nyinyi wengine, ukisikia habari mbaya ya mtu, nenda kwake umuulize yeye kwanza.

Mzee aliahidi kuja kuwaambia haya yeye mwenyewe. Jumapili moja mguu ukauma. Ingine shati halikuwa na pasi. Leo amefika, yuko kwa gari hapo nje. Aliniambia, "Tangulia, nitaingia." Dirisha liko wazi na hizi spika zinafika mbali, kwa hivyo ananisikia. Nimeongea hivi nikiangalia huo mlango, na hajaingia.

Sawa. Mkitoka mtamkuta hapo. Msimpite, mpeni mkono mumjulie hali, ni mgonjwa na ni mzee wangu. Lakini mimi nitakuwa nimesimama mlangoni. Mtaanza na mimi.