Fundi Jonathan Hiza, Aliyeuliza Kwa Nini Tuzikwe na Mti

Mchungaji wetu, Sheikh Ukasha, wazee wa kanisa na wa msikiti, ndugu mlioshuka kutoka Vugiri na mliofika kutoka Manundu, majirani zetu wa Kwedizinga, nawasalimu nyote kwa jina la Mungu aliyempa baba yetu pumzi na ambaye ameichukua. Mimi ni Pendo, mtoto wa kwanza wa marehemu, familia imeniomba niwasomee habari za maisha yake, nanyi naomba mnivumilie kwa sababu nasoma polepole. Najua tangu jana jioni mnaulizana kwa nini kuna sanduku zuri la mninga pale sebuleni na bado baba amelazwa juu ya mkeka, na kama ndugu tumegombana. Tulibishana, ni kweli, na mpaka leo asubuhi hatukujua kama neno alilotuachia tutaweza kulitimiza. Mtaelewa nitakapofika huko.

Baba yetu, Jonathan Dominiko Hiza, alizaliwa Vugiri, wilayani Korogwe, tarehe 14 Machi 1958, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Dominiko na marehemu Bibi Agripina, akimfuata kaka yake, baba yetu mkubwa Enock, ambaye tuko naye hapa. Bibi alituambia kwamba mtoto huyu alichelewa kutembea lakini aliwahi kuuliza, na kwamba aliwachosha watu kwa kutaka kujua ni nani anayemwaga maji ya mto wakati wa usiku, watu wote wakiwa wamelala.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Vugiri kuanzia mwaka 1967 hadi 1973 alipomaliza darasa la saba, na kwa kuwa hakuchaguliwa kuendelea, Januari 1975 aliteremka Manundu, mjini Korogwe, kujifunza useremala kwa Mzee Abdulaziz, Muislamu mcha Mungu, aliyempa ufundi na pia mahali pa kulala. Ilipofika Ramadhani baba alitaka kujua kufunga kukoje, akafunga pamoja na wenyeji wake, na adhuhuri akaenda jikoni kuomba uji, jambo ambalo watoto wa Mzee Abdulaziz walimtania nalo mpaka uzeeni.

Tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa na mama yetu, Loyce, na mwaka 1986 walihamia hapa Kwedizinga, wilayani Handeni, kwa sababu moja tu, kwamba huku ndiko mbao zilikokuwa. Mungu aliwajalia watoto wanne, mimi Pendo, Yordani, Glory na Dennis. Baba alitengeneza vitanda vyenu, mabenchi ya kanisa letu na milango ya msikiti, lakini sifa zake zilivuka mipaka ya kata kwa ajili ya masanduku ya kuzikia, ya mninga na ya mvule, yaliyong'aa hata wafiwa wakasahau kulia kidogo wakiyatazama.

Kisha mvua zikaanza kutukimbia. Mnakumbuka mwaka ambao vuli haikuja kabisa na masika yaliyofuata yakanyesha kwa kubahatisha, lambo likakauka mpaka matope yakapasuka, na mifugo ikafa njiani. Kanisa tulifunga na kuomba siku ya Jumatano, Waislamu wakapanga kwenda uwanjani kuomba mvua siku ya Ijumaa, na manyunyu yakaanguka Alhamisi, ukazuka ubishi mkubwa sokoni kwamba mvua ile ilikuwa ya nani. Baba aliwauliza, "Mvua yenyewe haikujaza hata ndoo, mnagombania nini?" Nadhani aibu ya ubishi ule ndiyo iliyowakutanisha Mchungaji na Sheikh Ukasha, wakaunda Kamati ya Mlima, ya kanisa na msikiti kwa pamoja, kulinda mlima ulio juu ya lambo na kuupanda miti upya, kila mmoja akiwafundisha watu wake kwamba kuharibu alichoumba Mungu ni dhambi. Baba akawekwa kwenye kamati hiyo.

Walipokwenda kuzungumza na wachoma mkaa, walimkuta Mama Hamisa kwenye tanuri lake, naye akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia baba akasema, "Fundi, mimi nikikata mti, kuna mtu anapikia. Wewe unachukua mninga mzima, unaupiga msasa, unaupaka vanishi, halafu unaufukia chini na mtu ambaye hata hauoni. Kati yangu na wewe nani aanze kuacha?" Waliokuwepo wanasema baba hakukasirika, alikaa juu ya gogo, akamwomba alirudie swali lake.

Tangu siku hiyo hakupumzika. Alikwenda kwa Sheikh Ukasha kuomba aonyeshwe jeneza la msikiti, akaligeuzageuza, akagonga viungo vyake kwa vidole, akauliza limewabeba watu tangu lini, na Sheikh akamjibu kwamba ndilo lililombeba babu yake, kwani kwao jeneza humfikisha mtu kaburini na kurudi. Baba akauliza tena, "Na pale juu ya mwanandani, kabla ya kufukia, mnaweka nini?" Sheikh akasema miti. "Mibichi?" Mibichi. Wakatazamana wakacheka, na ndiyo sababu siku hizi msikiti unafunika kwa matofali ya udongo yasiyochomwa.

Kwa Mchungaji alikwenda na swali gumu zaidi, ni wapi tumeagizwa kwamba Mkristo azikwe ndani ya mbao. Mchungaji aliomba apewe muda, akasoma, akaomba, na Jumapili iliyofuata akasema mbele ya washarika kwamba hakupaona, na kwamba hata Bwana wetu alizikwa kwa kitani tu. Wazee wa kanisa hawakufurahi, mmoja akasema watu wa Korogwe watatucheka kwamba Wakristo wa Kwedizinga wamesilimu, mwingine akasema, "Leo mkeka, kesho mtatutawadhisha," na jambo likaishia hapo.

Baba akajaribu njia ya katikati, akaagiza mianzi kutoka Vugiri, mwaka 2019, akaunda sanduku jepesi, na kwa kuwa hakuuza kitu asichokijaribu, alilala ndani yake mwenyewe na kuwaambia vijana wambebe kuzunguka kanisa. Kwenye kona ya pili kitako kilifunguka, baba akaanguka chini mchana kweupe, wanawake wakakimbia, naye akainuka akijifuta vumbi na kuuliza ni upande upi ulioachia kwanza. Mama hakusema naye mpaka kesho yake. Baada ya hapo aliacha kuunda masanduku, akabaki na vitanda, meza na miche ya mlimani, na wateja wengi walimkimbia.

Mwaka 2023 miguu yake ilianza kuvimba, akatibiwa katika zahanati yetu, kisha akapelekwa hospitali Korogwe ambako waligundua kwamba figo zimechoka. Alikaa huko mara kadhaa, akiwauliza wauguzi kila mashine inafanya nini. Mwezi Agosti mwaka huu, akijua hali yake, alimwita mama, Mchungaji na mimi, akasema akifa avikwe sanda, azikwe kwa mkeka, mti usikatwe kwa ajili yake, na mama akamwahidi. Alilala katika Bwana alfajiri ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, hapa nyumbani, mama akiwa amemshika mkono.

Jana jioni baba mkubwa Enock aliwasili kutoka Vugiri na ndugu zetu, wakiwa na sanduku lile kwenye pikapu, walilochangia na kulinunua Manundu bila kujua neno la marehemu. Mama alipomweleza, baba mkubwa alisema, "Mdogo wangu amewatengenezea watu masanduku nusu ya wilaya, leo yeye aende kwa mkeka kama hakuwa na ndugu?" Mama akasema, "Shemeji, nilimwahidi." Naye akajibu, "Na mimi ndiye niliyembeba mgongoni, shemeji," na wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Leo asubuhi walirudi kwenye mazungumzo hayo, na baba mkubwa kwa uchungu akasema, "Basi nirudi nalo Vugiri tupu, na wakiniuliza niliyemfuata yuko wapi niseme nini?" Sheikh Ukasha, ambaye alikuwa amekaa na waombolezaji, akamwambia, "Mzee Enock, la kwetu hurudi tupu siku zote, na hakuna aliyewahi kutuuliza." Baba mkubwa akaomba apelekwe akalione, wakaenda msikitini wao wawili tu, na aliporudi alisema kwamba hili alilolileta ni imara kuliko lile, Sheikh akakubali. Halafu akaomba bisibisi, akafungua mwenyewe kile kibati chenye jina la mdogo wake kilichokuwa juu ya mfuniko, akampa mama akitunze, akasema sasa litambeba yeyote. Wazee wa kanisa walikuwepo, walipoulizwa kama watalipokea wakatazamana, na hakuna aliyepinga.

Kwa hiyo baba yetu atakwenda makaburini ndani ya sanduku la kaka yake, atateremshwa kwa mkeka ambao Mama Hamisa na mama yetu walimsukia, na sanduku litakuwa la kanisa kuanzia leo.

Familia inawashukuru waganga na wauguzi wa zahanati na wa hospitali waliomhudumia na kumjibu maswali yake, majirani mliochota maji na kupika, mafundi wenzake, wana Kamati ya Mlima wa kanisa na wa msikiti mliochimba kaburi pamoja, na wote ambao hatukuwataja.

Tukitoka makaburini vijana watapita na sanduku barabarani, likiwa jepesi na bila mtu ndani, na watoto watauliza mtu ameachwa wapi na kwa nini. Msiwanyamazishe. Nawe baba, uliyeuliza mengi, uliyemwamini Mungu hata pale ambapo hukupata jibu, sasa uko mbele zake, pumzika kwa amani.