Kura Mia Moja Sitini na Moja za Sijui

Benchi la Muhuri liko kwenye kona ambapo mtaa wa maduka unapinda kuelekea shuleni, limeegemezwa ukutani mwa kibanda ambacho watu wawili wakiingia, wa tatu hungoja nje. Ncha moja ya benchi ni karakana: Muhuri, mchonga mihuri na vibao, amefunga hapo jiliwa dogo la kubania shaba. Ncha ya pili ni bunge: yupo Ajenda, karani mstaafu aliyeandika kumbukumbu za vikao kwa miaka thelathini na minane, na Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, ambaye mazungumzo yakinoga humwacha mteja na povu kidevuni. Kahawa hutoka kwenye chupa ya Ajenda, na kwa kuwa chupa ni yake, anajihesabu mwenyekiti. Mchana huo, saa saba na robo, kati ya karakana na bunge alikuwa ameketi Mkutubi wa shule ya msingi, sanduku la kadibodi mapajani, amelikumbatia kama aliyebeba mayai.

— Haya binti, — Muhuri alisema, tindo mkononi, kibati cha shaba kimeshabanwa. — Nipe jina la kitabu kilichoshinda. Saa kumi nafunga, na kesho saa nne asubuhi mna sherehe yenu.

— Tatizo ni hilo jina.

— Refu?

— Fupi. Sijui.

— Sasa kama hujui, umekuja kufanya nini?

— Hapana, baba. Ndilo jina. Kitabu kinaitwa *Sijui*.

Wembe, aliyekuwa anapuliza kahawa, akaipuliza yote ikamrukia magotini.

Mkutubi alikuwa amekusudia kusema neno moja na kwenda zake. Lakini alikuwa amelibeba jambo hilo tangu jana jioni, amehesabu kura mara tatu kwa penseli za rangi mbili, na moyo ulikuwa umemjaa. Akaeleza. Ilikuwa tuzo ya vitabu ya wanafunzi, mwaka wa kwanza, shule nne. Vitabu kumi, nakala tatu za kila kimoja katika kila shule, muhula mzima wa kusoma, kisha wanafunzi wenyewe wanapiga kura. Mwalimu haruhusiwi hata kukohoa. Walimu wakuu wawili walikubali kwa shingo upande, wa tatu alisema watoto hawajui kuchagua hata soksi, na wa nne aliuliza kama tuzo ikivurugika nani atawajibika. Mkutubi akasema, mimi.

— Na karatasi ya kura ilikuwaje? — aliuliza Ajenda.

— Ina swali moja. "Kitabu gani kimekupendeza kuliko vyote?" Chini yake, mstari mtupu.

— Hukuwaorodheshea majina wakatia tiki?

Mkutubi akainamisha kichwa. Hapo ndipo palipomuuma. Wenzake walitaka tiki. Yeye ndiye aliyekataa. Alisema mtoto anaweza kutia tiki amefumba macho, lakini anayeandika jina la kitabu kwa mkono wake, huyo amekisoma. Alilisema hilo kikaoni kwa kujiamini kabisa, hata akaligongea meza.

— Kwa hiyo, — Wembe alisema taratibu, kama anayefungua zawadi, — mtoto ambaye hajasoma chochote, ukimuuliza kitabu gani kimekupendeza, ataandika nini?

— Ndiyo maana sijalala, kaka.

— Ngapi?

— Mia moja sitini na moja. Cha pili ni *Mbuzi wa Ghorofa ya Tatu*, kura mia moja kumi na nane. Vile vinane vingine vimegawana mia moja thelathini na tisa.

— Na wote mia moja sitini na moja wameandika Sijui, basi?

— Sijui tupu. Wapo tisa nimewaweka kando. — Akatoa bahasha, akasoma. — "Sijui mwalimu." "Sijui kwa kweli." "Sijui, nilikuwa naumwa." Huyu hapa: "Sijui, muulize dada yangu wa darasa la sita."

— Ulimuuliza?

— Kura ni siri, kaka!

Ajenda akagonga kifuniko cha chupa mara mbili.

— Taarifa. Kikao kimetimiza akidi. Kwa uzoefu wangu, mjumbe akisema sijui, katika kumbukumbu anaandikwa "hakuwa na la kuongeza". Kwa hiyo kitabu kilichoshinda ni kile cha mbuzi, na hao wengine waandikwe kuwa walihudhuria.

— Mzee, utawaandikaje watoto mia moja sitini na moja kuwa walihudhuria? — Wembe alisema. — Hapa kuna mtu mjanja kuliko sisi wote. Mwandishi! Huyo alikaa akajiuliza, neno gani mtoto wa shule huliandika kuliko yote? Akalifanya jina la kitabu. Akalala. Sasa anavuna bila jasho.

— Kitabu kiliandikwa kabla ya tuzo kuwepo, — alisema Mkutubi.

— Alijua itakuja! Na hataishia hapo. Mwaka kesho anatoa kitabu kinaitwa *Hakuna*. Unaenda hospitali, fomu inauliza, magonjwa sugu? Hakuna. Kura! Makosa ya jinai? Hakuna. Kura! Nchi nzima inamchagua na haina habari.

— Jina la mwenzi wa ndoa? — Muhuri akadakia.

— Wewe hapo muulize mkeo kama anakubali uandike Hakuna.

Wakacheka mpaka benchi likalia. Hata Mkutubi alitabasamu kidogo, kisha akatazama saa. Saa saba na dakika thelathini na tano.

— Mimi naona mnawadharau watoto, — Muhuri alisema, akifuta tindo kwa kitambaa. — Hili ni jambo la kupangwa. Nani kavunja dirisha? Sijui. Nani kachora ubaoni? Sijui. Miaka yote walikuwa wakichapwa au kusimamishwa kwa neno hilo. Sasa wanalitunukia tuzo. Kuanzia kesho mwalimu akiuliza, mtoto anajibu, mwalimu, nimekutajia kitabu bora cha mwaka.

— Njama ya shule nne?

— Nne tu ndizo tunazozijua.

— Au ni walimu, — Wembe akasogea mbele, sauti imeshuka. — Walimu wakuu hawakuitaka tuzo, sivyo? Wamewapanga watoto waandike Sijui ili ichekwe, ife. Na hizo kura mia moja kumi na nane za mbuzi? Ziangalieni vizuri. Nasikia mmoja wao anafuga.

— Unasikia wapi?

— Kichwani. Mimi ninayemnyoa, kidole kikigusa kisogo najua.

— Mwenyekiti, — Muhuri alisema kwa upole wa uongo, — saa zinakwenda. Kahawa imebaki kiasi gani?

— Sijui, — Ajenda akajibu, akiitikisa chupa.

— Kura ya mia moja sitini na mbili! — Wembe akapiga kelele. Mteja wake mlangoni, povu limeanza kumkauka, akauliza kama amesahauliwa. Akaambiwa anyamaze, kuna uchaguzi.

Mkutubi hakucheka safari hii. Alikuwa anaona kesho: ukumbi, viti vya plastiki, walimu wakuu wanne mstari wa mbele, na yeye kwenye kipaza sauti. Mshindi ni Sijui. Atawaona wakitazamana. Yule wa soksi hatasema neno. Atafunga tu kalamu yake na kuitia mfukoni, na mwaka kesho hakutakuwa na tuzo. Akitangaza mbuzi je? Sherehe itapita vizuri, watu watapiga makofi, na yeye peke yake ndiye atakayejua kwamba mara ya kwanza watoto hao kuulizwa wanachopenda, jibu lao lilitupwa kwa kuwa lilimwaibisha mtu mzima.

— Nipe ushauri wa kweli, baba, — alimwambia Muhuri. — Ungekuwa wewe?

— Mimi nachonga ninachoambiwa. Ila nikishachonga, shaba haina kifutio.

— Hoja ya msingi, — Ajenda akaanza, — ni kuunda kamati ndogo ya watu watatu...

— Tupo watatu hapa, — Wembe alisema. — Tupige kura kama ni kura.

— Kwa kuandika au kwa tiki?

Wakaanza kubishana upya juu ya hilo, na Wembe akawa ameshachana kipande cha gazeti cha kuandikia, aliposimama mbele yao mama mmoja mwenye mkoba wa ukili. Alikuja kuchukua muhuri wa kikundi chake cha ushonaji, na kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha, alikuwa amesimama pale muda, akihamisha mkoba kutoka mkono huu kwenda ule.

— Samahani jamani, — alisema. — Nimewasikiliza tangu kwenye habari za magonjwa sugu. Hicho kitabu kinahusu nini?

Wembe akaanza kujifuta kahawa magotini. Ajenda akachungulia ndani ya chupa. Muhuri akaanza kung'arisha kibati kilichokuwa kinang'aa. Jibu la kweli lilikuwa neno moja tu, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kulitamka.

Wote wakamgeukia Mkutubi.

— Bi Mkutubi, — mama akasema, — si wewe mwenye tuzo?

Masikio yalimwaka moto. Yeye aliyepanga vitabu kwa herufi mpaka ya tatu, aliyemrudisha mwalimu mmoja kwa kuandika tarehe bila mwaka.

— Nimesoma tisa, — alisema.

— Na hiki?

— Kilichaguliwa na mwenzangu, akahamishwa. Nilisema nitakisoma muhula ukianza. Nikaenda rafuni, hakipo. Nikarudi wiki iliyofuata, hakipo. Nakala zote tatu. Hakikai, mama. Kinarudishwa asubuhi, kengele ya mapumziko haijalia kimeshachukuliwa. Mpaka nikaweka daftari la zamu, na daftari lenyewe limejaa, nimeunganisha karatasi. Juzi tu nimewaamua wawili waliokuwa wanavutana jalada, na mimi mwenyewe kila siku najiambia, nikikikuta kimekaa...

Alijisikia akisema, kama mtu anayesikia sauti yake kwenye simu.

— Kile cha mbuzi kinakaa? — mama akauliza.

— Kinakaa.

Mteja wa Wembe, kule mlangoni, aliacha kujikuna kidevu.

— Binti, — Muhuri alisema, — hiyo ni shule yako. Shule nyingine tatu je?

Mkutubi akachukua simu. Alizungumza na wenzake watatu, mmoja baada ya mwingine, akiuliza kila mmoja swali lilelile moja, na kila mara akiandika jibu kwenye kifuniko cha sanduku kwa penseli nyekundu. Shule ya kwanza, kitabu hakijawahi kulala rafuni. Ya pili, nakala moja imeachana kurasa na watoto wanaisoma vipande. Ya tatu, mkutubi mwenzake alicheka akasema, hata mimi nakingojea.

Alipokata simu ya mwisho akatengeneza nywele zake, akakaa wima.

— Chonga, baba. Herufi kubwa ya kwanza, nyingine ndogo. Na nafasi kati ya jina na mwaka iwe sawa na upana wa herufi mbili.

— Na walimu wakuu wakicheka?

— Wakicheka nitawauliza alichouliza huyu mama.

Muhuri akavuta pumzi, akachora S kwa penseli, kisha akashusha tindo. Mama akaweka mkoba chini, akaketi mahali ambapo hakuna aliyempisha.

— Basi niazime na mimi, nikimaliza namtuma mwanangu akirudishe shuleni.

— Kuna zamu, mama. Ya watoto kwanza.

— Mimi niandike kabla yake! — Wembe akaruka. — Nimekitetea kitabu hiki tangu mwanzo!

— Wewe? Wewe uliyesema kimeshinda kwa ujanja? — Ajenda alisimama, chupa mkononi. — Utaratibu unasema mwenyekiti hapangi foleni. Angalia kwenye kumbukumbu zozote unazotaka...

— Kaa chini, mzee, kaeni wote chini! — Muhuri akafoka bila kuinua macho. — Msinitikisie benchi, nipo kwenye j.