Rodah Navalayo na Faiba Iliyofifia

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi, Bi. Rodah Navalayo, fundi mkuu wa mawasiliano katika hospitali yetu hapa Lurambi, atastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025. Nimekaa naye karakana moja miaka kumi na miwili, na kusema kweli nina huzuni, ingawa yeye hapendi nyuso za huzuni kazini.

Alianza mwaka 1994 akiunganisha simu pale mapokezi. Ufundi alijifunza kwa kufungua vilivyoharibika, na mara mbili kwa kufungua vilivyokuwa vizima.

Kazi yake kubwa ilikuja mwaka 2021. Katika chumba cha tiba ya mionzi mgonjwa hubaki peke yake, nasi humwangalia kwa kamera. Picha hupitia kwenye faiba, uzi mwembamba wa kioo unaosafirisha mwanga. Picha ikaanza kukatika, na bila picha hakuna anayetibiwa. Mama Selpher Awinja wa Lugari alikuwa amebakiza vikao kumi na kimoja vya matibabu. Wakubwa wakaanza kuzungumzia kuwapeleka wagonjwa Nairobi, safari ambayo yeye hangeiweza.

Sisi tulilaumu panya. Mimi nilileta hata paka, akanenepa kwa mandazi ya wauguzi. Navalayo alipima mwanga asubuhi na jioni, akaona unafifia kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, kisha Jumatatu inayofuata umerudi kidogo. Alituwekea daftari mezani, akauliza, "Kwani panya hupumzikanga wikendi?"

Iliyopumzika ilikuwa mashine. Faiba ilipita chini ya kitanda cha matibabu, na mionzi ile ile inayopiga saratani ilikuwa ikikitia kioo giza. Mashine ikizimwa, kioo kilipata nafuu kidogo. Navalayo akaweka faiba ya aina inayostahimili mionzi, tena akaipitisha mbali na kitanda. Siku ya tatu matibabu yakaendelea.

Mama Selpher alimaliza vikao vyote. Amevuna mahindi mara nne tangu hapo, na Ijumaa atakuja kwenye sherehe ya kumuaga Navalayo na kuku wake. Aliniomba nisimwambie Navalayo, nami nimeshindwa kunyamaza.

Dada Rodah, hospitali nzima inakushukuru. Tunakuombea afya na miaka mingi ya utulivu na ng'ombe wako kule Bukura. Aliyeipitisha ile faiba chini ya kitanda ni mimi. Ulijua tangu siku ya kwanza, na hukumwambia mtu. Asante.

Titus Oduor, Karakana