Fundi Sikio na Dakika Tisa za Bintiye

Tarehe thelathini mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu katika idara ya ufuaji ya hospitali yetu, fundi wa mitambo anastaafu. Jina lake la kwenye barua ya ajira analijua yeye na ofisi ya utumishi. Sisi wengine tunamwita Fundi Sikio, na hata mganga mkuu akiishiwa mashuka humwita hivyo hivyo. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye miaka ishirini na sita, mlango wa chumba changu cha kukunjia ukitazamana na mlango wa karakana yake, na pia kwa sababu, kama wenzangu walivyosema kikaoni, mimi mdomo wangu hauna breki. Basi wasinilaumu.

Aliingia kazini kijana mwembamba, wakati idara ina mashine mbili za kufulia, moja ya kukaushia, na pasi za mkono. Leo tuna mashine tisa, pamoja na ile pasi kubwa ya mviringo inayomeza shuka upande mmoja na kulitema upande wa pili likiwa limenyooka. Kila moja ameifunga yeye, au ameifungua na kuifunga upya. Amefundisha mafundi wanne, na wawili kati yao sasa ni wakuu wa karakana kwingine. Katika miaka yote hiyo chumba cha upasuaji hakijakosa gauni safi hata siku moja kwa sababu ya mashine kuharibika. Siku tulizokosa, maji ndiyo yaliyokatika, na maji si kazi yake.

Jina la Sikio alilipata kihalali. Huchukua bisibisi ndefu, ncha akaigusisha kwenye mashine inayozunguka, mpini akauweka sikioni, akafumba macho. Akifumbua, anakwambia beringi ipi imechoka. Kila asubuhi kabla ya kazi huwasha mashine moja moja na kuzisikiliza, na kwa dakika kumi hizo ni marufuku mtu kusema neno, hata salamu. Salamu hutolewa mashine ya mwisho ikishapita. Daktari mmoja mgeni aliwahi kuingia katikati ya shughuli hiyo, akasalimia kwa heshima zote, watu kumi na wawili wakamkodolea macho bila kumjibu. Alikwenda kushtaki kwamba idara ya ufuaji imejaa watu wenye kiburi. Fundi alimfuata wodini kumwomba radhi, na akiwa huko huko akamwonyesha kitanda ambacho gurudumu lake linataka grisi.

Alikuwa na sheria nyingine, na naomba msomaji aishike. Mashine ikitoa mlio mgeni, maadamu si wa hatari, haifunguliwi siku hiyo. Inasikilizwa siku tatu kwanza. Alisema fundi mwenye pupa hutengeneza kisichoharibika. Redio karakanani hakuitaka kabisa, na mimi na redio yangu ndogo tulifukuzwa mlangoni pale mara zisizo na idadi.

Sasa niseme habari ya bintiye, maana usipomjua yeye humjui Fundi. Mama yake mtoto alifariki binti akiwa darasa la tatu. Tangu hapo, akitoka shule alikuja moja kwa moja kwetu, akafanyia kazi zake za shule mwisho wa meza ya kukunjia, katikati ya foronya. Sisi sote ni shangazi zake. Nywele zake nimezisuka mimi, na jino lake la mbele lilining'okea mkononi. Fundi alitaka awe mhandisi, na chuo akaenda, lakini mwaka wa pili aliacha akaanza kutengeneza muziki kwa kompyuta, ile midundo ya kudansia isiyo na mwimbaji wala gitaa. Fundi hakugomba. Alinyamaza wiki nzima, na waliowahi kukaa na kimya chake wanajua afadhali kugombezwa.

Siku moja binti alikuja na kipande cha kwanza alichokimaliza, cha dakika tisa, kwenye flashi. Akamwomba baba yake akisikilize na kumpa maoni ya kweli, si ya kumfurahisha. Fundi alisikiliza mara moja, amesimama, spana mkononi. Kisha akafanya jambo ambalo katika dunia hii angelifanya yeye tu. Akavuta fomu ya taarifa ya hitilafu, ile ya idara yenye nakala tatu, akaijaza. Niliiona kwa macho yangu. Aliandika: mdundo mmoja unajirudia bila kubadilika; dakika ya nne unakatika ghafla, kisha unarudi wenyewe; chanzo hakijajulikana; kizimwe mpaka kikaguliwe. Akatia sahihi na tarehe, akampa mtoto nakala ya juu.

Nitamtetea kidogo. Hakuwa anamkejeli. Aliombwa ukweli, na kwa Fundi ukweli huandikwa kwenye fomu. Lakini binti aliisoma, akaikunja mara nne kama tulivyomfundisha kukunja foronya, akaitia mkobani, akatuaga mmoja mmoja. Mwezi huo huo alihamia mji mwingine. Simu zake zikawa za kujuliana hali tu: hujambo baba, sijambo, kazi njema, na wewe pia. Miezi kumi na moja zilikuwa hivyo. Fundi aliendelea na kazi kama kawaida, ila chakula chake cha mchana kilianza kurudi nyumbani nusu, na hilo sisi wanawake wa chumba cha kukunjia tunaliona haraka.

Nilivumilia mpaka nikashindwa. Nilimwendea karakanani nikamwambia wazi kwamba mashine ya hospitali anaipa siku tatu, na mtoto wake amempa dakika tisa. Nilisema mengine pia ambayo hayafai kuchapishwa kwenye jarida la watumishi. Aliendelea kukaza boliti yake. Ila kesho yake saa saba mchana, mlango wa karakana ukiwa wazi, nikasikia ile midundo.

Aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, spika ndogo mbele yake, ile flashi aliyoiacha binti imechomekwa, ameiinamia. Siku ya tatu ilipita, hakuandika kitu. Wiki ikapita. Kwa kweli wiki hiyo ya kwanza ilitutesa wote. Mpiga pasi wetu, mtu mpole asiyelalamika, aliniuliza kama kuna kifungu cha sheria ya kazi kinachohusu midundo wakati wa chakula. Fundi mwenyewe alimeza dawa ya kichwa mara mbili. Alikuwa akisikiliza kama anavyosikiliza mota, akiwinda kilichovunjika, na kwa sababu hakukipata alizidi kukasirika.

Wiki ya pili alinijia na habari. Mdundo ule hausimami pale pale, akasema. Dakika ya pili, chini yake, inaingia sauti nyembamba kama ya mtu anayesugua kola, na ikishaingia, ule mdundo unaonekana umekuwa mwingine ingawa ni ule ule. Mimi sikusikia kola wala nini. Wiki ya nne tulimwona akipaka grisi huku kichwa kinaitikia, tukamwambia, akakataa katakata. Mwezi wa pili alianza kuja chakulani mapema. Midundo ikichelewa, mpiga pasi wetu alikuwa anachungulia kuuliza kulikoni.

Ni mpiga pasi huyo huyo aliyesema mchana mmoja kwamba hii, jamani, ni mashine namba tatu. Namba tatu ni kikaushio cha zamani kilichokuwa kikigonga nyuma ya kiti cha binti alipokuwa akisoma. Tukatulia kusikiliza, na haki ya nani, tukaisikia. Nililia. Mpiga pasi alilia. Fundi alisimama, kwa kuwa aliona sasa ameelewa: mtoto alikuwa amechukua kazi ya baba yake na kuitia kwenye muziki. Alipiga simu pale pale, sisi tumemzunguka, akamwuliza iwapo ule mdundo ni namba tatu.

Binti alicheka mpaka simu ikakoroma. Hapana, baba, akasema. Namba tatu alikuwa akiichukia, ilimnyima raha ya kufanya hesabu. Mdundo ule aliutengeneza mwenyewe tu, kwa kuwa aliupenda.

Tulitazama sakafu, kila mtu na aibu yake. Ndipo akauliza, taratibu, baba yake amekisikiliza mara ngapi. Fundi akasema hakuhesabu. Mpiga pasi akapaza sauti kutoka nyuma kwamba ni kila siku ya Mungu, mchana, miezi miwili, na sisi tumekoma. Binti akasema kuna onyesho Jumamosi ya wiki mbili zijazo, saa tisa alasiri, kama baba ana nafasi. Fundi, ambaye hakuwa amechukua likizo kwa miaka sita, aliandika barua ya kuomba ruhusa ya Jumamosi, siku ambayo hafanyi kazi.

Aliniambia baadaye kwamba aliona haya, si kwa kukosea namba tatu, bali kwa kuwa miezi yote miwili alikuwa akijitafuta yeye mwenyewe ndani ya muziki wa mtoto. Siku zilizobaki kabla ya onyesho alikisikiliza kile kipande bila kutafuta chochote. Katika siku hizo, alisema, ndipo alipokipenda.

Nilikwenda naye, maana peke yake angepotea. Alivaa koti lake moja la heshima na kalamu mfukoni. Ukumbi ulijaa vijana, nao walitupisha kama watu wanaopisha wazazi wa bibi harusi. Tukasimama karibu na spika, binti jukwaani nyuma ya vifaa vyake, hajatuona. Vipande vingine vilipita, mimi nimeziba masikio kwa vidole. Kikaja kile cha dakika tisa. Niliona mabega ya Fundi yanashuka, kama mtu aliyefika nyumbani na kuvua viatu.

Dakika ya nne mdundo ukakatika. Ukumbi mzima ukasimama, mamia ya watu hawajui ni lini utarudi. Fundi alijua. Katika kimya kile aliinua mkono wake mrefu juu ya vichwa vyote, akauacha hewani, na alipoushusha, mdundo ukaanguka nao pamoja, papo hapo. Vijana waliomzunguka walipiga kelele za furaha. Binti alitazama kilichowachangamsha, akamwona baba yake. Aliinama juu ya vifaa, nikadhani kuna waya umechomoka. Alikuwa anafuta machozi kwa kiganja, na mkono wa pili haukuacha kufanya kazi.

Fundi wetu, idara inakushukuru kwa mashuka yote ambayo wagonjwa walilalia bila kujua kuna mtu nyuma yake. Mimi nakushukuru kwa kunisamehe maneno yale ya karakanani, ingawa ningeyasema tena. Kuanzia wiki ijayo Fundi anahamia kwa bintiye, chumba cha pili kutoka pale anapotengenezea muziki, na tayari amepewa kazi ya kuangalia nyaya na spika.

Juzi binti alimtumia kipande kipya, cha dakika kumi na mbili. Nilimwuliza amekionaje. Akaniambia, kwa uso wa mtu mwenye furaha tele, kwamba hajakipenda hata kidogo, na kwamba kesho atakisikiliza tena.

Tunakutakia kesho nyingi, Fundi.