Serveur Anapika Wapi?

Kijiwe chao kilikuwa ubao mrefu mbele ya duka la kompyuta huko Makiso, chini ya ukuta uliotobolewa na risasi ambao hakuna aliyekuwa na haraka ya kuuziba. Katembo, waliyemwita Grossiste, muuzaji wa jumla, ingawa ghala lake la chumvi liliteketea katika vita vya Juni, alishika kikombe kwa mkono mmoja na kuufumba wa pili. Kiganjani alikuwa ameandika kwa biki jina la mdogo wake: Élie Mbusa. Tangu Élie avuke mto akikimbia mabomu, wanajeshi walikuwa wameshakuja nyumbani kumuulizia; jamaa zake hawakupata hata neno moja kutoka kwake. Leo Yunus, fundi wa duka, aliyeitwa Machine, alikuwa na ukurasa mpya wa intaneti: unaandika jina la aliyepotea, nao unajibu kama kuna aliyemwona.

— Donc, Machine, inajuaje? aliuliza Katembo kwa sauti ya chini.

— Papa Grossiste, sikiya. Page ya zamani iko kama enseigne, kibao ya mbele ya duka: batu yote banaona ileile. Hii yangu inapikwa saa ileile unauliza. Niliandika maagizo: kamata jina, tafuta, jibu. Serveur ndiye anapika. Kwako inafika paka sahani tu.

— Serveur? aliruka Jafari, ambaye kijiweni jina lake lilikuwa Radio. Kama ule wa nganda, wa kwa baa, wa kuleta bière?

— Tonton Radio, serveur ni machine, ordinateur ya kutunza ma page!

— Ule wa nganda naye alikuwa kimya kama machine. Batu bakisema kwa meza, asubuhi basoda iko na bunduki kwa mulango.

Katembo alikaza ngumi.

— Jiko yenyewe iko wapi?

— Mbali, papa. Ku Poto, kwa bazungu, nafikiri.

— Anafikiri! alidakia Jafari. Iko kwa aéroport ya ndege, ndani ya hema ya basoda! Na ile antenne juu ya paa ya duka inavuta majina. Inavuta hata sauti. Musikohoe!

Katembo alikuwa na kikohozi, alikimeza.

— Tonton, acha. Papa, hata mutu akifungua source, maandishi ya nyuma ya page, ataona paka sahani. Maagizo yangu hawezi kuona.

— Bon. Na mimi pia siwezi kuona jiko, alisema Katembo.

Mama Wivine, aliyetua beseni lake la makayabu, samaki wa chumvi, ili anywe kahawa, hakuwahi kuketi hapo kabla ya siku hiyo. Alisikiliza, kisha akauliza polepole:

— Samahani, ba papa. Ule serveur, akisha kuleta sahani, anasahau nani aliagiza?

Yunus alitazama antena. Jafari naye akainua macho hukohuko.

Katembo alifumbua kiganja. Akamimina humo kahawa iliyobaki, akasugua mpaka wino wa lile jina ukayeyuka na kutiririka kati ya vidole. Kahawa ilikuwa bado ya moto.