Bi Haraka Aliyekataa Kumnusa Mume Wake

Muuguzi wetu wa chumba cha mizani, ambaye wote tunamwita Bi Haraka, amefanya kazi kwenye kliniki hii ya moyo miaka ishirini na tisa. Anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini. Nilipoambiwa niandike maneno ya kumuaga niliwauliza watu habari zake, na kila mmoja alianza na hilohilo: huyu mama hatulii. Chai anakunywa amesimama, macho mlangoni. Ukimletea kiti anakiwekea mafaili.

Wagonjwa wetu wengi ni wanene, na mtu mnene anakuja hapa tayari amechoka kusemwa. Bi Haraka ndiye aliyeng'ang'ania viti vya foleni vikatwe mikono, baada ya mama mmoja, mshonaji, kunyanyuka na kiti kikanyanyuka naye mbele za watu. Tena akapiga marufuku kutaja kilo kwa sauti. Anaandika, anakunja, anakupa mkononi. Lakini usidhani ni mpole. Ukimwambia umeacha soda anakuangalia tu, mpaka useme kweli mwenyewe.

Halafu ukaja utafiti wa mafuta ya samaki. Daktari mkuu alitaka kujua kama yanausaidia moyo wa mtu mnene. Nusu ya wagonjwa walipewa vidonge vya mafuta ya samaki, nusu vya mafuta ya mahindi, vyote sura moja. Nani anameza nini hakuna aliyejua, si mgonjwa, si muuguzi, si daktari. Shida ni kwamba samaki hafichiki, ukicheua tu anajitaja. Foleni ikawa ya kunusana. Dereva mmoja wa lori alikuwa anacheulia kiganjani, anampa jirani yake ahakikishe. Bi Haraka akawa anapita katikati kama mwalimu wa zamu: midomo ifungwe, anayenusa na anayenuswa wote wana makosa.

Kumbe na mume wake, fundi redio, mtu wa kilo nyingi na presha, alikuwa amejiandikisha. Hapo ikawa kazi. Mke atakosaje kujua mume wake anacheua nini? Na akijua, vipimo atakavyompima nani ataviamini? Daktari akampa njia mbili: mume atoke, au yeye aache chumba cha mizani. Akimtoa, atamnunulia mafuta ya samaki yenyewe dukani, amwone akimeza. Akimwacha, huenda anameza mahindi tu, ila kila mwezi moyo wake unapimwa. Alizunguka kwenye korido siku nzima. Jioni akakabidhi funguo, akaenda stoo kupanga glavu. Nyumbani akahamia chumba cha wanawe, asije akamnusa usiku akajua. Miaka miwili hiyo. Mawifi zake wakaja kusuluhisha ugomvi, wakaondoka hawajaelewa kitu.

Mwaka wa pili fundi redio alianguka kwa mshtuko wa moyo, tena hapahapa, kwenye foleni ya vipimo. Bi Haraka alitoka stoo mbio. Daktari mmoja kijana akataka siri ifunguliwe, wajue alikuwa anameza nini. Bi Haraka akamwuliza kama hilo litabadilisha matibabu. Daktari akasema hapana.

"Basi iacheni huko. Huyu mshughulikieni sasa."

Alipona. Utafiti ukaisha, Bi Haraka akarudi kwenye mizani yake na kitandani kwake. Mwezi uliopita siri ikafunguliwa. Kwa wagonjwa wetu, mafuta ya samaki yalipunguza mafuta kwenye damu. Kuhusu mshtuko wa moyo, walioupata walikuwa wachache mno, daktari hawezi kusema. Na fundi redio? Mahindi.

Tangu siku hiyo mama wa watu hana raha. Ameshamfuata daktari mara tatu: ningemtoa, nikampa ya samaki, angeanguka? Daktari anajibu vilevile, kwamba hajui. Sisi wenzake tungependa kumuaga na jibu, na hatunalo.

Jumatatu fundi redio alikuja kumchukua. Mkewe akamwuliza, sisi tukisikia, kama amemkasirikia.

"Mama watoto, miaka miwili umenikimbia, kumbe nilikuwa nanuka kitunguu tu."

Tulicheka. Yeye hakucheka. Basi mzee akashusha sauti.

"Ungenitoa, siku ile ningeangukia dukani, mimi na maredio yangu. Nani angeniokota?"

Mkewe alimfunga kifungo cha shati, akamwambia atangulie, yeye anafunga chumba. Mzee hata getini hajafika, mama akatupa funguo mezani, akamkimbilia.

Asante mama kwa miaka yote. Tunakuombea siku njema nyingi, wewe na fundi wako. Swali lako tunabaki nalo sisi, na siku likipata jibu, tutakuletea nyumbani hata kwa miguu.